Mgahawa wa kuangalizia kriketi Uhindini Mbeya, na vijana wetu watafika wapi kule Namibia

Naandika hii mapema kabla ya Alhamisi ya tarehe 15 Januari 2026 kwasababu najua mtakuja kuniuliza, dada ile kriketi unaangalizia wapi, na mi sipendi kujibu swali moja mara arobaini.

Nijieleze kidogo maana wengine mtashangaa muuza mitumba wa Mwanjelwa kajulia wapi haya mambo. Kabla ya nguo za watoto nilikaa kaunta miaka sita kwenye duka la vifaa vya ujenzi Uhindini, na bosi wangu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Mbeya na Kinyakyusa chake kimenyooka kuliko changu mi niliyezaliwa Tukuyu, alikuwa na kitivii kidogo juu ya rafu ya misumari ambacho kilikuwa hakizimwi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naona tu watu wazima wamesimama juani wanangoja kitu. Mwaka wa pili nikaanza kuuliza. Mwaka wa tatu tukawa tunabishana mpaka wateja wanagonga kaunta, "jamani mabati". Kwahiyo kwangu neno bati lina maana mbili, la geji 28 na lile la kupigia mpira, na yote mawili nayajua bei.

Sasa habari yenyewe. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 wanaenda Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza tangu nchi hii iwepo. Linachezwa Zimbabwe na Namibia, linaanza 15 Januari 2026 mpaka 6 Februari, timu 16, na Tanzania anacheza siku ileile ya ufunguzi na West Indies pale Windhoek. Nafasi yetu tuliichukua mwaka jana kwenye mashindano ya kufuzu ya Afrika kule Lagos, na kitu ambacho kinanichekesha mpaka leo ni kwamba Namibia mwenyewe hayumo. Yaani ni mwenyeji, viwanja ni vyake, nyasi kakata yeye, ila ye alitakiwa afuzu kama sisi na hakufuzu, kwahiyo mwenye nyumba anapanga viti halafu anasimama mlangoni anaangalia wageni wanakula.

Na hapa Mbeya hakuna anayeongea. Siwalaumu, Taifa Stars walikuwa Morocco kwenye AFCON, na hata mi ile Jumapili ya tarehe 4 nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, tukatolewa na wenyeji bao 1-0 tukiwa tumefika kumi na sita bora kwa mara ya kwanza. Ila Stars wamesharudi, na mi nina shida yangu nyingine, nataka sehemu ya kukaa saa saba mfululizo kuangalia mechi ambayo hakuna mtu mwingine anayeitaka.

Maana tatizo la kriketi ya ova 50, yaani mipira 300 kwa kila timu, sio kuielewa, tatizo ni kiti. Mechi za huko zinaanza saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu na zikienda mpaka mwisho unafika saa kumi na mbili jioni kasoro. Baa zetu nyingi asubuhi hiyo zinadeki. Mabanda ya mpira ndo kabisa, ukimwambia mwenye banda akuwekee kriketi anakuangalia kama umemwomba akuwekee hali ya hewa. Nyumbani sina kisimbuzi chenye hiyo chaneli, na bando la kuangalia kwa simu siku nzima ni hela ya gunia la viatu.

Ndo nikaenda kuujaribu huu mgahawa. Hauna jina, kwahiyo msinisumbue, ukutani wameandika CHAI SUPU CHAPATI kwa rangi ya bluu basi. Uko huku juu Uhindini, ukishuka kwenye bajaji unauliza tu kwa mama wa chai mwenye tivii mbili, mtu yeyote anayeuza vocha anapajua. Tivii kubwa iko ukumbini, ndogo iko karibu na dirisha la jikoni, na hiyo ndogo ndo habari yenyewe kwasababu mama mwenyewe haiangalii wala hana shida nayo, aliiweka kwa ajili ya wazee wawili watatu wa madukani wanaokuja kunywa chai jioni na kuangalia ligi ya Afrika Kusini, ile ya ova 20. Bosi wangu wa zamani ni mmoja wao. Ndo aliyenielekeza.

Nimeenda mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya Krismasi, nikala ndizi nyama. Niseme ukweli, ndizi zile ni za kwetu Tukuyu, zimeiva kwenye mchuzi mpaka zinakatika kwa kijiko, na nyama haikuwa mifupa mitupu kama sehemu nyingine ambapo unalipia nyama unatafuna historia. Shilingi elfu nne. Wali maharage elfu mbili na mia tano, wali wenyewe ukiufunua sahani unanukia Kyela. Chai ya maziwa yenye tangawizi mia nane, na hii chai ndo imeuweka huu mgahawa mjini, ukinywa kikombe kimoja asubuhi ya mvua ya Januari mgongo unanyooka wenyewe. Supu sijaipenda, chumvi nyingi. Chapati ni nzuri mpaka saa tano, baada ya hapo zinakuwa za kukatia kwa mkasi.

Mara ya pili ndo ilikuwa ile ya Stars na siihesabu, watu walikuwa mpaka kwenye madirisha, hata nafasi ya kushika kikombe hakuna, ila niliona mama alivyosimamia, hakuna aliyekunywa akaondoka bila kulipa na kile kitivii kidogo hakikubadilishwa, wazee wakaendelea na kriketi yao humohumo kwenye kelele za goli wakiwa wametulia kama wako msikitini.

Mara ya tatu niliifanya makusudi. Siku yenye mechi mbili, ya mchana na ya jioni, nikasema leo nakaa mpaka nifukuzwe nione. Nilifika saa saba na nusu, nikaagiza chai na chapati mbili, nikakaa kwenye meza ya ukutani chini ya tivii ndogo. Saa tisa yule dada anayehudumia akaja, "dada nikuongezee?" Nikaongeza chai. Saa kumi na moja akaja tena, nikaagiza viazi. Saa moja usiku nikamuuliza kabisa, nikamwambia mdogo wangu niambie ukweli, nawakera? Akacheka akasema, "Kukera wapi dada, hawa wazee wanakaa na kikombe kimoja mpaka kinaota ukoko, we umekula." Mama akasikia kutoka jikoni akaitikia, "Mwache akae, kiti hakili." Nilitoka saa nne usiku. Nimekula na kunywa kwa elfu saba na mia tatu, na hakuna mtu aliyeniangalia vibaya. Hiyo huduma Mbeya hii ni adimu, nimeshawahi kuondolewa kwenye mgahawa mmoja mjini, siutaji, kwa kukaa dakika arobaini na soda.

Sasa mabaya yake, na yapo. La kwanza ni bati, lile la kuezekea. Ukumbi hauna siling'i bodi, na Januari ya Mbeya mnaijua, ikifika saa tisa wingu linashuka kutoka mlima Loleza na mvua ikianza kupiga lile bati husikii mtangazaji, husikii jirani yako, husikii hata mawazo yako. Na nililishika kwenye ukingo, ni geji 32 lile, jepesi kama karatasi, aliyemuuzia mama alimuonea. Kwa mpira wa miguu hii sio shida, goli unaliona. Kwa kriketi mtangazaji ni nusu ya mechi, ye ndo anakwambia kwanini yule kasogezwa pale. La pili ni umeme, ulikatika mara moja kwa dakika ishirini na tano, jenereta ipo ila inawasha taa na tivii kubwa tu, ndogo haimo, nikalazimika kuhamia ukumbini ambako kulikuwa na tamthilia ya Kituruki na nikajikuta nimeijulia kisa chote. La tatu, remoti. Inakaa kwenye mfuko wa aproni ya mama, na mama akienda sokoni remoti nayo imeenda sokoni. Kama chaneli imepotea mnangoja nyanya zirudi.

Nilimwambia mama kuhusu Alhamisi, kwamba kuna mechi ya Tanzania asubuhi. Akaacha kukata kitunguu. "Tanzania? Ya kwetu hii?" Nikamwambia ndiyo mama, ya kwetu. Akauliza inacheza na nani, nikamwambia West Indies. Akafikiri. "Hao ni Wahindi wa magharibi?" Nikamweleza, hapana, ni visiwa vya kule Karibiani, Jamaika, Barbados, Trinidad, wameungana timu moja. Akasema, "Basi kumbe nao wameungana kwasababu wenyewe wenyewe hawatoshi." Mama hajui ila kagusa penyewe, kwasababu na sisi tulishafanya hivyo.

Hii ndo stori bosi wangu anaipenda kuliko zote, na siku ile ya mvua alinirudia tena, kwa sauti ya juu sababu ya bati. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, Uingereza, 1975, siku ya ufunguzi tarehe 7 Juni, pale Birmingham, New Zealand na Afrika Mashariki. Ndiyo, Afrika Mashariki, timu moja yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. New Zealand wakapiga mikimbio 309, ndo pointi za kriketi hizo, mtu mmoja anaitwa Glenn Turner kafikisha 171 peke yake na hawakumtoa. Enzi hizo zilikuwa ova 60. Na sisi tukapata 128 kwa wiketi 8, yaani watu wanane tu ndo walitolewa. Tulifungwa kwa mikimbio 181, ni kichapo cha aibu, lakini bosi anainua kidole, "Kwa wiketi nane, binti, sio kumi. Hawakututoa wote. Tulisimama ova zote sitini." Mechi zilizofuata hatukusimama tena, India wakatutoa kwa 120 wakazifikia bila kupoteza hata wiketi moja, Uingereza wakatutoa kwa 94, tukarudi nyumbani. Lakini ile ya kwanza tulisimama.

Mi hapo ndo nimepata kipimo changu. Kwa asiyejua, ova moja ni mipira sita, ova 50 ni mipira 300, na una watu kumi wa kutolewa kabla hujafungiwa biashara. Timu changa inayokwenda kwa wakubwa haifi kwasababu haijui kupiga. Inakufa kwasababu inatolewa wote mapema na mipira mingi imebaki haijatumika, ni kama umelipia gunia zima la saruji ukajengea robo. Mwaka 2024 Uganda walifika Kombe la Dunia la wakubwa la ova 20, wakakutana na haohao West Indies kule Guyana, wakatoka wote kwa mikimbio 39 ndani ya ova 12. Ova nane zilibaki mezani! Vijana wao wa chini ya 19 mwaka 2022 India waliwapigia 405, wao wakapata 79. Japani kwenye kombe hilihili la vijana mwaka 2020 walitolewa kwa 41 na India. Hizo namba siziandiki kuwatisha, naziandika ili Alhamisi ikifika saa sita mchana mtu asiseme Tanzania pekee ndo aibu ya dunia. Huko mlangoni kila mgeni anapigwa.

Kundi letu ni D na ni bichi. West Indies wamewahi kulichukua hili kombe mwaka 2016 kwa kumfunga India fainali. Afrika Kusini walilichukua 2014, kapteni akiwa Aiden Markram na mrushaji wao ni Rabada kijana mdogo kabisa, na huyohuyo Markram mwaka jana ndo kapiga 136 pale uwanja wa Lord's, London, Afrika Kusini wakawa mabingwa wa dunia wa mechi za siku tano. Afghanistan hawajalichukua ila wamefika nusu fainali 2018 na 2022, na wale watoto wanazaliwa wanajua kuzungusha spini, ile mipira inayopinda ikigonga chini. Hakuna mteremko hapo.

Ila, na hapa watu wengi hawajasoma vizuri, kwenye kila kundi la timu nne zinapita TATU. Maana yake hatuhitaji kuwa wazuri kuliko wote, tunahitaji kumshika mmoja tu kati ya hao. Nikambana bosi, nikamwambia chagua mmoja. Akasema hakuna. Nikamwambia bosi usiniletee hesabu za kufunga duka, chagua. Akafikiri kikombe kizima cha chai. "West Indies," akasema. "Siku ya kwanza. Wao watakuwa wanatuangalia kama chai ya bure."

Na ana hoja, kwasababu hao West Indies wana historia ya kudharau mtu wa Afrika Mashariki wakaumia. Tarehe 29 Februari 1996, Pune kule India, Kombe la Dunia la wakubwa, Kenya walitolewa wote kwa 166 tu, watu wakaenda kula wakijua mechi imeisha. West Indies wana Lara, wana Richardson, wapigaji wakubwa. Lara akatoka na 8. Wote wakatoka kwa 93. Kenya ile ilikuwa ya watu wanaofanya kazi ofisini wiki nzima halafu wanacheza wikiendi. Na 2003 Kenya haohao wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, japo hapo bosi anakuwa mkweli, New Zealand waligoma kuja Nairobi na pointi zikatolewa bure, lakini Sri Lanka walikuja wakafungwa uwanjani mchana kweupe.

Mi binafsi siamini sana kama tutamfunga West Indies. Nikipewa elfu kumi niweke, naweka elfu moja kwa Tanzania kwa mapenzi na elfu tisa naenda kununua mzigo. Sababu yangu sio vipaji, watoto waliowatoa Wanamibia kwenye njia sio wa kubeza. Sababu yangu ni kwamba timu kama Afrika Kusini watoto wake wanakulia kwenye shule zenye viwanja, toka wadogo wanapigiwa mpira wa kasi kila wiki, na wa kwetu kriketi yao kubwa inazunguka kwenye viwanja vichache sana na vingi viko Dar, mara Gymkhana mara Burhani. Kukutana na kijana wa Barbados anayerusha mpira unaokupita sikioni kabla hujaamua uinue bati au uiname ni kitu ambacho huwezi kufundishwa kwa maneno, unakizoea kwa kupigwa nacho.

Halafu kuna hili la hewa, na hili ni la kwetu watu wa nyanda za juu kusini na nashangaa hakuna anayelisema. Windhoek iko juu, kwenye mita 1,650 hivi. Mnajua nani mwingine yuko hapo? Mbeya hii. Tuko kwenye mita 1,700. Huku juu hewa ni nyepesi, mpira ukipigwa unasafiri mbali kuliko ule wa Dar, na ule wa kupinda hewani haupindi kama wa pwani penye hewa nzito yenye chumvi. Sasa mtoto kazoea kudaka Dar, anajua mpira ukipigwa hivi utadondokea hapa, anajisogeza anajipanga, mpira unampita juu ya kichwa unaenda kuwa mikimbio sita, na sio kosa lake, mikono yake imekariri hewa nyingine. Niliwahi kuliona hili kwa macho, watoto wa bosi walikuja likizo kutoka Dar tukawa tunacheza nyuma ya stoo na bati la kukodi kwa fundi seremala, kila walichopiga kinaenda kwa jirani, tulipoteza mipira minne siku moja na mmoja ulivunja kioo cha choo. Mngeleta hawa vijana Mbeya wiki tatu, au hata Iringa, wakadaka asubuhi kwenye baridi, wakala hizi ndizi za elfu nne, mi ningepandisha dau langu mpaka elfu mbili na mia tano.

Kwahiyo kipimo changu, kwa Alhamisi na kwa mechi mbili zinazofuata, Afrika Kusini halafu Afghanistan, ni kimoja tu: tumemaliza ova 50 au hatujamaliza? Tukimaliza tukiwa na 150 na tumefungwa, mi narudi Mwanjelwa naimba. Nilimwambia bosi hivyo akanirushia jiwe kwa upole wake. Akasema siku ileile ya 1975 sisi tunasimama Birmingham, kwenye uwanja mwingine Gavaskar wa India alisimama ova zote 60 dhidi ya Uingereza, hakutolewa, na alikuwa na mikimbio 36. "Thelathini na sita, binti! Alisimama kama nguzo ya umeme. Walifungwa kwa mikimbio 202. Kusimama bila kutembea nako sio kriketi." Sikuwa na jibu, nikamwitia chai. Basi nirekebishe: tumalize ova 50 NA tusogee, mikimbio mitatu kwa ova inanitosha, hiyo 150 yangu palepale.

Na tukiwa wa mwisho kwenye kundi bado haijaisha, msizime tivii. Wale wa nne wa kila kundi wanakutana wenyewe kugombea nafasi ya 13 mpaka 16, na huko ndo naona ushindi wetu ulipo, kwasababu huko unakutana na wa mwisho wa kundi jingine, watu wa saizi yetu. Uganda ile iliyopigwa 405 na India ilienda huko chini ikamfunga Papua New Guinea. Na kaka zao 2024 nao wakamfunga Papua New Guinea huyohuyo, babu mmoja anaitwa Frank Nsubuga ana miaka 43 kamaliza ova zake nne kwa kutoa mikimbio minne tu na wiketi mbili. Nililia siku ile na hata sio nchi yangu. Kwahiyo utabiri wangu wa mtu asiye na cheti: kundini tunafungwa zote tatu, moja vibaya sana na nahisi ni ya Afrika Kusini, moja tunamaliza ova, na huku chini tunashinda mechi moja. Hiyo moja itakuwa ya kwanza ya Tanzania kwenye kombe hili na hakuna mtu atakayeifuta.

Turudi kwenye mgahawa kabla sijasahau mnataka maksi. Nampa nne kati ya tano. Amekosa moja kwa sababu ya lile bati na remoti, supu nimeisamehe. Ukienda, usikae meza ya mlangoni, upepo wa jioni utakutoa machozi, na usikae karibu na jiko la mkaa ukiwa na sweta jeupe, mi langu limeshakuwa la kijivu. Choo ni kisafi ila beba tishu yako. Malipo ya simu wanapokea, ila mama anapenda keshi, akipata keshi anakuongezea kipande cha parachichi bila kuombwa.

Kuhusu Alhamisi nimeshaongea nae. Tivii kubwa hatupewi asubuhi, kuna kipindi cha mapishi ambacho wateja wake wa saa nne wanakifuata na mama hataki kuwaudhi, ila ameahidi mambo mawili, kwamba waya wa jenereta utavutwa mpaka kwenye tivii ndogo, kijana wa umeme anakuja Jumatano, na kwamba remoti siku hiyo haiendi sokoni. Nilimuuliza itakaa wapi. Akaitoa kwenye aproni akanikabidhi mkononi mbele ya watu, "Utakaa nayo wewe, ila likifika goli uniite." Nikamwambia mama, kriketi haina goli. "Basi likifika chochote."

Genge langu Mwanjelwa atakaa mdogo wangu mpaka jioni, wateja wa masweta ya shule msinitafute. Meza ya ukutani ina viti vinne, kimoja changu, kimoja cha bosi, viwili viko wazi, nitakuwa pale kuanzia saa nne kamili na chapati zikiwa bado laini.